Wimbo na Kazi Yake: Muziki wa Ishiara na Majirani Zake

Muziki wa jadi wa Kiafrika haujulikani kwa kuusikiliza peke yake. Hujulikana pale msikilizaji anapouliza pia ni nani anayeimba, anamwimbia nani, ni msimu gani, na wimbo ukiisha kuimbwa ni jambo gani limebadilika katika maisha ya waliokusanyika. Asiyeuliza maswali hayo hubaki na sauti na mapigo yanayopendeza, lakini kiini cha muziki wenyewe kinakuwa kimempita, kwa kuwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki wimbo ulikuwa chombo cha kutendea kazi: kumpokea mtoto, kumvusha kijana aingie utu uzima, kumkemea mkosaji, kuomba mvua na kupunguza uzito wa jembe. Makala haya yanaufuata muziki huo katika eneo moja dogo, Ishiara na viunga vyake, ili kuonyesha kwamba nyimbo za kale na nyimbo za leo zinaweza kupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni kazi ambayo kila wimbo umepewa na wenyewe.

Ishiara ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Wambeere, Kaunti ya Embu, kwenye nyanda za joto zinazoteremka kutoka Mlima Kenya kuelekea Mto Tana. Hapo karibu kimesimama kilima cha Kiang'ombe, na Mto Thuci ukivukwa msafiri huingia Kaunti ya Tharaka-Nithi, nchi ya Wachuka na Watharaka, kabla ya kufika kwa Waimenti wa Meru. Ng'ambo ya Tana wanaishi Wakamba wa Kitui. Kwa hiyo mji huu, ambao watu wake hufuga mbuzi na kulima ndengu, mtama na uwele, uko mahali ambapo jamii kadhaa zenye lugha zinazokaribiana hukutana, hununuliana mifugo na nafaka, huoana, na bila shaka husikilizana nyimbo. Mtu anayetaka kuujua muziki wa eneo hili hana budi kuusikiliza kama mali ya majirani wengi, wala si kama urithi wa kabila moja uliozungushiwa ua.

Wimbo na shughuli yake

Mwanahistoria H.S.K. Mwaniki, ambaye katika miaka ya 1970 alikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere, alichapisha mwaka 1986 kitabu kinachozipanga nyimbo na ngoma za jadi za Waembu kwa makundi, na mtu akiyatazama makundi ya namna hiyo hugundua jambo la msingi: nyimbo hazigawanywi kwa mtindo au kwa ala, bali kwa shughuli. Ziko nyimbo za uzazi, za tohara, za ndoa, za vita, za kazi, za maombi na za burudani ya vijana, na kila kundi lina watu wake, saa yake na mahali pake. Wimbo wa kumpokea mtoto mchanga ulikuwa wa wanawake. Nyimbo za vita zilikuwa za vijana wa rika la wapiganaji. Na nyimbo za kuomba mvua, katika nchi kame kama Mbeere ambako msimu mmoja ukikosa huleta njaa, ziliandamana na sadaka iliyosimamiwa na wazee.

Mpangilio huo wa nyimbo ulilingana na mpangilio wa jamii. Waembu na Wambeere waligawanyika katika vizazi viwili vilivyopokezana madaraka ya kiibada, Nyangi na Thathi, na ndani ya vizazi hivyo kulikuwa na marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa kipindi kimoja na waliobaki ndugu wa rika hadi uzeeni. Kijana hakuruhusiwa kucheza ngoma ya rika lililomtangulia kabla ya kupitia hatua zilizotakiwa, na mzee hakujishusha kucheza ngoma za vijana. Kutokana na hali hiyo ngoma ilikuwa pia cheti cha umri na hadhi: aliyemwona mtu akicheza alijua mara moja amefikia wapi katika safari ya maisha, na mtu mwenyewe alijua ni wajibu gani jamii inamdai.

Miongoni mwa nyimbo zote, zile za tohara ndizo zilizobeba mzigo mkubwa zaidi wa mafunzo. Kwa Wameru unajulikana sana utanzu uitwao kirarire, ushairi wa kuimbwa unaohusishwa na mkesha wa tohara, ambamo mafumbo, majigambo na maonyo huchanganywa ili kijana ajue kwamba kisu cha kesho ni mwanzo wa majukumu na wala si mwisho wa mtihani. Katika nyimbo za namna hii yalisemwa waziwazi mambo ambayo siku za kawaida hayatamkiki mbele ya watu, kwa sababu jamii iliupa wimbo ruhusa ambayo haikuyapa mazungumzo. Na ruhusa hiyo, ambayo ilikuwa na mipaka ya mahali na wakati, ndiyo iliyoufanya wimbo kuwa darasa la mambo ya ndoa, ya ujasiri na ya heshima.

Namna muziki huu unavyojengwa

Nguzo ya kwanza ya muziki huu ni kuitikizana. Manju, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha mstari, na kundi humpokea kwa kiitikio kifupi kisichobadilika sana. Muundo huo ni rahisi kwa mgeni kuufuata, lakini unatoa nafasi mbili tofauti: kundi linalinda kile kinachojulikana na wote, huku manju akiwa huru kuingiza jina la mwenye shughuli, kumsifu mgeni, kumsuta bahili au kutaja tukio la wiki hiyo. Hivyo wimbo mmoja unaweza kuwa na miaka mingi na bado ukawa mpya kila unapoimbwa, na anayetafuta maneno yake "halisi" yaliyokamilika huenda akawa anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Nguzo ya pili ni uhusiano wa wimbo na lugha. Kimbeere, Kiembu na lugha zilizo jirani nazo ni lugha za toni, maana yake kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno kunaweza kubadili maana ya neno hilo. Mtunzi wa jadi, bila kuhitaji nadharia yoyote iliyoandikwa, huuacha muziki ufuate mkondo wa maneno, na ndiyo sababu nyimbo nyingi huanza juu na kuteremka polepole kuelekea mwisho wa mstari, zikitumia mara nyingi ngazi ya noti tano badala ya noti saba za muziki wa Kizungu.

Nguzo ya tatu ni mapigo yanayopishana. Katika ngoma moja mpigaji mmoja anaweza kugawanya muda katika sehemu mbili huku mwenzake akiugawanya katika sehemu tatu, na mchezaji akaweka miguu kwenye mgawanyo mmoja na mabega kwenye mwingine. Msikilizaji asiyezoea hudhani wapigaji wamepotezana, kumbe kila mmoja anajua hasa mahali ambapo pigo lake litakutana na la mwenzake. Mapigo ya namna hii hufundisha kwa vitendo jambo ambalo wazee walilisisitiza kwa maneno, kwamba watu wanaweza kuwa na mienendo tofauti na bado wakatimiza kazi moja.

Kuhusu ala, mgeni anayekuja akitarajia ngoma kubwa kila mahali hupaswa kujua kwamba sehemu kubwa ya muziki wa Waembu na Wambeere hutegemea sauti, makofi, vigelegele na miguu. Njuga za chuma zinazofungwa mguuni, ambazo Wagikuyu na baadhi ya majirani zao huziita kigamba, humfanya mchezaji awe pia mpiga ala, kwa kuwa kila hatua yake hutoa mlio. Baragumu la pembe lililoitwa coro lilitumika kuita watu na kutangaza habari nzito. Mzinga wa ngoma huchongwa kwenye gogo la mti mwepesi kama muringa, mti unaochongewa pia mizinga ya nyuki, kisha huwambwa ngozi, na kabla ya kupigwa huwekwa karibu na moto ili ngozi ikaze na sauti ipande.

Sanaa ya ngoma imefikia kilele chake ng'ambo ya Mto Thuci, kwa Wachuka. Wapiga ngoma wa Chuka, ambao sifa zao zimeenea Kenya nzima, hutumia ngoma ndefu ya aina inayojulikana kama mwinjiro, ambayo mpigaji huibana kati ya mapaja yake ikielekezwa mbele, kisha akaipiga kwa mikono huku akitembea, akiinama, akiruka na kugeuka pamoja na wenzake kana kwamba ngoma ni kiungo cha mwili. Kundi zima huenda kwa ishara za kiongozi mmoja, na mabadiliko ya mwendo hutangazwa kwa pigo ambalo wapigaji wote hulitambua papo hapo. Upande wa Tana, nao Wakamba wana kilumi, ngoma ya ibada inayoongozwa zaidi na wanawake wa makamo na wazee, inayopigwa kwa ngoma kubwa kwa ajili ya kuomba mvua, kutuliza mizimu na kuponya wagonjwa. Ishiara imekaa kati ya tamaduni hizi mbili za ngoma, na masikio ya watu wake yamezizoea zote mbili.

Misheni, marufuku na nyimbo mpya

Majeshi ya Uingereza yaliiteka Embu mwaka 1906, na nyuma yao wakafuata wamisionari: Wakonsolata walifika Imenti mwaka 1911 na Wamethodisti wakajenga Kaaga mwaka 1912, baada ya Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS kufungua kituo cha Kigari mwaka 1910, Wapresbiteri nao wakaanzisha Chogoria mwaka 1922. Wengi wa wamisionari hao waliiona ngoma kuwa mlango wa upagani, wakawakataza waumini wao kuicheza, na badala yake wakaleta tenzi za Ulaya zilizotafsiriwa kwa lugha za wenyeji. Kwa kuwa tuni hizo zilitungwa kwa lugha zisizo na toni, maneno yaliyopachikwa juu yake mara nyingi yalilazimika kupanda pale ambapo lugha ilitaka yashuke, na waimbaji wakawa wanaimba maneno ambayo maana yake iliokolewa tu na mazoea.

Marufuku hayakuua wimbo. Yaliupa kazi nyingine. Mgogoro wa tohara ya wasichana ulipozuka mwaka 1929 kati ya misheni na Wagikuyu, ulienea wimbo wa upinzani ulioitwa Muthirigu, ambao serikali ya kikoloni iliupiga marufuku mapema mwaka 1930 kwa sababu ulikuwa unawasuta wamisionari, machifu na maofisa hadharani. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali hiyo dhidi ya wapigania uhuru, kati ya 1952 na 1960, Wagikuyu, Waembu na Wameru ndio waliobanwa zaidi na amri za kutotoka nje na za kutokusanyika, na ngoma za usiku zikakosa nafasi. Lakini katika kipindi hicho hicho wapiganaji hao walichukua tuni za tenzi za kanisani wakazitia maneno ya ardhi na uhuru. Tuni zilizoletwa kufuta nyimbo za wenyeji zikageuka kuwa sauti ya wenyeji wenyewe.

Kanisa nalo halikubaki lilivyokuwa. Makanisa ya Kiafrika yaliyojitenga na misheni, hasa Akurinu wanaotambulika kwa vilemba vyao vyeupe, yaliifanya ngoma kuwa sehemu ya ibada, na Kanisa Katoliki, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani wa 1962 hadi 1965, lilifungua mlango kwa ala na lugha za wenyeji. Leo ni jambo la kawaida kusikia ngoma, kayamba na vigelegele katika misa, na asiyejua historia hii anaweza kudhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kutoka uwanjani hadi jukwaani

Taasisi za taifa zimejitahidi kuuhifadhi muziki wa jadi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lilitawaliwa mwanzoni na kwaya za mtindo wa Kizungu, lakini baadaye lilipanua nafasi ya nyimbo na ngoma za jadi, na kwa miaka mingi sasa shule za pande zote za nchi hujifunza ngoma za jamii mbalimbali kwa ajili ya mashindano hayo. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 jijini Nairobi, ilikusanya ngoma za jamii nyingi chini ya paa moja. Tume iliyoongozwa na mwanamuziki Washington Omondi ilitoa ripoti yake mwaka 1984 kuhusu hali ya muziki nchini, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Mwaka 1986 George Senoga-Zake, mmoja wa waliotayarisha Wimbo wa Taifa wa Kenya, alichapisha kitabu chake kuhusu muziki wa jadi nchini, ambacho walimu wengi wamekitegemea.

Kazi hiyo inastahili shukrani, kwa kuwa bila hiyo watoto wengi wasingaliwahi kuona ngoma yoyote ya jadi ikichezwa. Hata hivyo jukwaa lina sheria zake. Ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha hukatwa iingie katika dakika chache za mashindano. Watazamaji waliokuwa wakiitikia huketi kimya wakisubiri kupiga makofi. Na manju, ambaye zamani alitunga papo hapo kulingana na waliohudhuria, hukariri maneno yale yale mbele ya waamuzi. Miondoko inabaki na tuni inabaki, lakini kazi iliyouzaa wimbo inatoweka, na kizazi kinachoijua ngoma kwa njia ya jukwaa pekee kinaweza kuirithi sura yake bila kurithi sababu yake.

Gita, kaseti na redio

Muziki wa kisasa ulifika maeneo haya kwa njia ya gita na santuri. Mpiga gita maarufu wa Katanga, Jean Bosco Mwenda, alifanya kazi Nairobi mwaka 1959, na mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa vidole uliigwa na vijana wengi wa Kenya. Katika miaka ya 1960 benga ilichipuka kwa Wajaluo, ikichukua midundo ya nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, na kuihamishia kwenye gita la umeme. Wanamuziki kama D.O. Misiani wa Shirati Jazz waliieneza, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imeshapata wafuasi na waigaji wake katika Mkoa wa Kati na wa Mashariki, kwa lugha za Kigikuyu, Kikamba na Kimeru.

Benga ilipokelewa kwa urahisi hivyo kwa sababu ilikuwa na vitu ambavyo masikio ya watu yalishavijua. Gita linaloongoza hujibizana na sauti ya mwimbaji kama kundi linavyomjibu manju, na katikati ya wimbo mwimbaji hutaja majina ya marafiki, wafadhili na vijiji, jambo ambalo manju wa uwanjani alilifanya tangu zamani. Joseph Kamaru, aliyeishi kati ya 1939 na 2018, alizitumia methali na mafumbo ya Kigikuyu kuwasema wanasiasa na kuonya kuhusu maadili ya ndoa, akiichukua kwenye santuri kazi ile ile ya kusuta na kufunza iliyokuwa ya nyimbo za rika. Mugithi, mtindo uliopewa jina la garimoshi kwa sababu wachezaji hushikana mabega wakafuatana kama mabehewa, unampa mpiga gita mmoja uwezo wa kuendesha ukumbi mzima usiku kucha kwa kuunganisha nyimbo zinazojulikana na wote.

Baada ya serikali kulegeza udhibiti wake juu ya utangazaji, vituo vya redio vya lugha za wenyeji viliibuka, Kameme FM ikianza mwaka 2000, na leo msikilizaji wa nyanda hizi anaweza kusikia Wimwaro FM kwa Kiembu au Muuga FM kwa Kimeru. Redio zimewapa wasanii wanaoimba kwa lugha ndogo soko ambalo hawakuwa nalo, ingawa pia zimewazoesha vijana kusikiliza nyimbo walizorekodi wengine kuliko kuimba zao. Gengetone, iliyovuma kutoka mitaa ya Nairobi tangu 2018, huwafikia vijana wa vijijini kwa simu siku ile ile inayotolewa, na hata humo, pamoja na maneno yanayowakera wazazi, kuna kuitikizana, kuna majigambo ya rika na kuna kutajana majina.

Gatunga: wimbo uliopewa kazi mpya

Mfano ulio wazi zaidi wa namna wimbo wa jadi unavyoweza kuendelea kuishi ulitokea Gatunga, katika nchi ya Watharaka. Mwaka 1996 shirika la Maendeleo ya Wanawake, likisaidiwa na shirika la afya la PATH, lilishirikiana na familia za huko kuanzisha utaratibu ulioitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa faraghani kwa siku kadhaa kama desturi ilivyotaka, wakafundishwa na wanawake wazima kuhusu miili yao, heshima na majukumu, kisha wakatolewa hadharani kwa nyimbo, ngoma na zawadi mbele ya jamii nzima, bila kukatwa. Utaratibu huo ulienea katika wilaya nyingine, na mwaka 2011 Kenya ilitunga sheria inayopiga marufuku ukeketaji kote nchini.

Waanzilishi wa Ntanira na Mugambo walielewa jambo ambalo wamisionari wa 1929 hawakulielewa. Walitambua kwamba sherehe ilifanya kazi ya kweli, kumtangaza msichana kuwa mtu mzima na kumfunga kwa wajibu wake, na kwamba kazi hiyo ilifanywa na mafunzo, nyimbo na ushuhuda wa watu, wala haikuhitaji kisu. Kwa kutenganisha madhara na maana, waliuokoa mwili wa msichana na wakauacha wimbo uendelee kufunza. Hapa ngoma haikuhifadhiwa kama kumbukumbu ya wafu. Ilikabidhiwa mzigo mpya na ikaweza kuubeba.

Wajibu wa wasikilizaji wa leo

Tangu mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyeanzisha maktaba kubwa ya muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini, alirekodi nyimbo za jamii kadhaa za Kenya, na zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya nakala za baadhi ya rekodi hizo kurudishwa kwa Wakipsigis walioziimba. Leo hakuna haja ya kumsubiri mtafiti wa mbali. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, imefuatilia historia ya benga na muziki wa Kigikuyu kwa rekodi, filamu na vitabu, na mjukuu wa Kamaru, msanii anayejiita KMRU, amezitoa upya kazi za babu yake. Kijana wa Ishiara mwenye simu anaweza kufanya jambo kama hilo nyumbani kwao, mradi arekodi pamoja na wimbo majibu ya maswali yanayoufafanua: uliimbwa na rika gani, katika shughuli gani, nani aliruhusiwa kuusikia, na mwenyewe anataka utunzwe vipi.

Sheria iko upande wake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha urithi wa namna hii na kuzipa jamii haki juu yake, ili mtu wa nje asijipatie mali kwa ngoma ya Chuka au wimbo wa Mbeere bila idhini ya wenyewe. Lakini orodha ya kaunti haiimbi, na sheria haimlazimishi mtu kuitikia. Nyimbo za eneo hili zimewashinda wamisionari, maofisa wa kikoloni na mipaka ya jukwaa kwa sababu kila kizazi kiliwahi kuzitafutia kazi ya kufanya; na kizazi cha sasa, ambacho bado kinazaa, kinaoa, kinazika, kinasubiri mvua na kinawasuta viongozi wake, hakikosi kazi za kuzipa.